Tezi Ndogo, Kazi Kubwa: Jinsi Uchovu Usioisha Ulivyojulikana

Punguza moto chini ya sufuria, vuta kiti, tuongee.

Leo hatutaanza na dawa wala masharti. Tutaanza na historia. Unajua kuna uchovu wa kazi na kuna uchovu wa ugonjwa. Uchovu wa kazi unaujua vizuri: umechota maji, umelima, umefua, umepika, jioni umechoka. Ukilala, asubuhi nguvu zinarudi. Lakini kuna uchovu mwingine ambao usingizi hauumalizi. Mama anaamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Chakula hakipiti. Akisimama ghafla kichwa kinazunguka. Miezi inapita, miaka inapita, na yeye anazidi kudhoofika.

Mama kama huyo hupewa majina. Wengine husema ni mvivu. Wengine husema amerogwa. Wengine humnong'oneza mume wake kwamba huyu hafai, atafute mwingine. Nataka ujue leo kwamba uchovu wa namna hii unaweza kutoka kwenye tezi ndogo sana zilizo ndani ya mwili, na kwamba madaktari walihangaika karibu miaka mia moja kabla ya kupata dawa yake. Dawa hiyo sasa ipo. Kinachomwangamiza mgonjwa mara nyingi ni kuchelewa kutambuliwa.

Tezi hizi ni zipi?

Tezi ya kwanza inaitwa pituitari. Iko ndani ya kichwa, chini ya ubongo, nyuma ya mahali pua inapoanzia. Ukubwa wake ni kama punje moja ya mbaazi. Tezi nyingine ni mbili na zinaitwa adrenali. Kila moja imekaa juu ya figo kama kofia.

Tezi hizi hutengeneza homoni. Homoni ni ujumbe unaosafiri ndani ya damu kutoka sehemu moja ya mwili hadi nyingine. Fikiria chifu na naibu wake. Chifu haendi mwenyewe kila kijiji. Hutuma agizo, naye naibu analitekeleza. Pituitari ndiyo chifu. Hutuma agizo kwa adrenali, nazo adrenali hutengeneza homoni iitwayo kotisoli. Kotisoli husaidia mwili kushikilia sukari na shinikizo la damu, na hutupa nguvu ya kustahimili homa, jeraha, njaa au uchungu wa kuzaa. Chifu akinyamaza, naibu hana agizo. Naibu akifa, agizo halina wa kulitekeleza. Kwa vyovyote vile, kijiji kinaharibika.

Kiungo kilichodhaniwa hakina kazi

Adrenali zilichorwa na kuelezwa na mtaalamu wa Italia, Bartolomeo Eustachi, katika miaka ya 1560. Lakini kazi yake haikujulikana. Karne moja na nusu baadaye, wasomi wa mji wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza zawadi kwa mtu atakayeeleza tezi hizi zina faida gani. Mwaka 1718 mwandishi Montesquieu aliyasoma majibu yaliyoletwa, akaona hakuna hata moja lililostahili zawadi. Wakaachana na jambo hilo.

Aliyefungua mlango alikuwa daktari mmoja wa hospitali ya Guy's huko London, Uingereza, jina lake Thomas Addison. Alikuwa na wagonjwa waliomshangaza. Walikuwa dhaifu, hawana hamu ya kula, moyo wao unapiga bila nguvu, na ngozi yao ilikuwa ikibadilika rangi na kuwa nyeusi bila wao kuchomwa na jua. Mmoja baada ya mwingine walikufa. Addison hakusema ni hali ya maisha tu. Aliomba ruhusa ya kuchunguza miili, na alipofungua aliona jambo lile lile: tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zimeharibika. Mara nyingi zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu.

Mwaka 1855 alichapisha kitabu chenye habari za wagonjwa 11. Ni wachache, lakini walitosha kuonyesha kwamba tezi hizi zikifa, mtu hufa. Mwaka uliofuata, 1856, mtafiti Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Port Louis kule Mauritius, kisiwa cha Bahari yetu hii ya Hindi, alitoa adrenali za wanyama na akaona wanakufa upesi. Kiungo kilichodhaniwa hakina kazi kikajulikana kuwa nguzo ya uhai.

Hadi leo ugonjwa huo unaitwa ugonjwa wa Addison. Wazungu aliowaona Addison walijulikana kwa kubadilika rangi ya mwili mzima. Kwetu sisi tulio na ngozi nyeusi, ni rahisi dalili hiyo kupita bila kuonekana. Kwa hiyo mama, angalia mahali pengine: fizi, ulimi, mistari ya viganja vya mikono, vifundo vya vidole, na makovu ya zamani. Sehemu hizo zikiendelea kuwa nyeusi kuliko zilivyokuwa, na mtu huyo anadhoofika, anakonda, anatapika au anatamani sana chumvi, asingoje. Na kwa kuwa kifua kikuu bado kiko kwetu, kumbuka kwamba kumaliza dawa za TB ni kuyalinda mapafu na ni kuzilinda tezi hizi pia.

Chifu aliye kichwani

Addison alimjua naibu. Chifu alichukua muda mrefu zaidi kujulikana.

Neno homoni lenyewe lilianza kutumika mwaka 1905, lilipotolewa na Ernest Starling, mtaalamu wa London. Alilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya kuamsha au kusukuma. Baadaye, mnamo 1930, Philip Smith wa Marekani alieleza alichokiona kwa panya: ukiondoa pituitari peke yake, adrenali hunywea ingawa hukuzigusa. Ukiwarudishia panya hao pituitari ya panya wengine, adrenali hukua tena. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kuna anayetoa agizo na kuna anayelipokea.

Wakati huo huo, daktari wa upasuaji Harvey Cushing wa Marekani alikuwa akichunguza wagonjwa wa aina nyingine kabisa. Hao hawakukosa homoni. Walikuwa nayo kupita kiasi. Uso uliviringika kama mwezi mpevu. Tumbo lilijaa mafuta huku miguu na mikono ikiwa miembamba. Ngozi ya tumbo ilichanika mistari ya zambarau. Shinikizo la damu lilipanda, mifupa ikawa dhaifu, na wanawake hedhi ikakatika. Mwaka 1932 Cushing alichapisha habari za wagonjwa 12 na kusema chanzo ni uvimbe mdogo ndani ya pituitari. Kwa hiyo mama, kunenepa si afya wakati wote, kama vile kukonda si njaa wakati wote. Mwili unataka kipimo chake.

Mama aliyetokwa na damu nyingi

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana sehemu hii inamhusu kila mama anayezaa.

Mwaka 1914, daktari Morris Simmonds wa Hamburg, Ujerumani, alieleza habari za mwanamke aliyeugua vibaya baada ya kujifungua, akapona kwa namna fulani, lakini hakurudia hali yake. Hedhi ilikatika. Alidhoofika miaka mingi, akafa. Ndani ya kichwa chake pituitari ilikuwa imenyauka.

Zaidi ya miaka 20 baadaye, daktari Harold Sheehan alifanya kazi ya kuchunguza miili ya akina mama waliofariki katika hospitali ya uzazi ya Glasgow, Uskoti. Ilikuwa kazi ya huzuni, lakini aliifanya kwa makini, na mwaka 1937 aliandika alichokiona. Akina mama waliotokwa na damu nyingi sana wakati wa kujifungua, hata wakazimia, wengi walikuwa na pituitari iliyokufa sehemu yake.

Kwa nini iwe hivyo? Wakati wa ujauzito pituitari hukua na kuwa kubwa kuliko kawaida, kwa sababu inajitayarisha kwa kazi ya maziwa. Tezi iliyokua inahitaji damu zaidi. Mama akipoteza damu nyingi na shinikizo likashuka sana, damu haiifikii tezi hiyo. Inakufa kama mche unaokosa maji wakati wa kiangazi. Moyo unaweza kurudi, mama akafumbua macho, watu wakamshukuru Mungu na kumpeleka nyumbani. Lakini chifu amekwisha kunyamaza, na nyumbani hakuna anayejua.

Sheehan aliwafuata pia wale waliopona, akaeleza hali yao. Ugonjwa huu leo unaitwa kwa jina lake. Dalili zake ni hizi. Maziwa hayatoki kabisa, au yanatoka kidogo na kukauka. Hedhi hairudi hata baada ya mtoto kuacha kunyonya. Nywele za kwapani na za sehemu za siri zikinyolewa hazioti tena. Mama anahisi baridi wakati wengine wanatoa jasho. Anapauka, anachoka, anapoteza hamu ya tendo la ndoa, na ugonjwa mdogo kama malaria unamwangusha kuliko watu wengine. Wapo waliokaa na hali hii miaka mingi kabla ya mtu yeyote kuwauliza swali moja rahisi: je, ulipojifungua ulitokwa na damu nyingi?

Usiogope bila sababu, mama. Maziwa kuchelewa kuna sababu nyingi, na wengi husaidika kwa kumweka mtoto titini mara kwa mara. Hedhi kukatika wakati wa kunyonyesha ni jambo la kawaida. Lakini ikiwa ulitokwa na damu nyingi, na maziwa hayakuja, na nguvu hazirudi, mambo hayo matatu yakiwa pamoja, nenda hospitali uwaeleze yote kwa mpangilio huo.

Dawa iliyotoka kwenye nyongo, na mkonge wetu

Tangu Addison aandike kitabu chake hadi dawa ya uhakika ipatikane ni karibu miaka 95. Katika miaka hiyo yote wagonjwa wengi walijulikana ugonjwa wao, na bado wakafa.

Katika miaka ya 1930, Edward Kendall wa Marekani na Tadeus Reichstein aliyekuwa Uswisi walianza kuzitoa homoni za adrenali moja moja, kutoka kwenye tezi za ng'ombe waliochinjwa. Tezi nyingi sana zilitoa dawa kidogo sana. Mwenzake Kendall, daktari Philip Hench, alikuwa amegundua jambo ambalo akina mama wenyewe walimwonyesha: wanawake wenye ugonjwa mkali wa viungo walipata nafuu walipokuwa wajawazito. Akajiuliza, kuna nini ndani ya mwili wa mjamzito kinachotuliza maumivu haya?

Kufikia wakati huo, Lewis Sarett wa Marekani alikuwa amefaulu kutengeneza moja ya homoni hizo kutoka kwenye nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30. Mwezi wa Septemba mwaka 1948, Hench alimdunga dawa hiyo mwanamke aliyekuwa hawezi kutembea kwa maumivu ya viungo. Baada ya siku chache mwanamke huyo alitembea. Dawa ikaitwa kotisoni, na mwaka 1950 Hench, Kendall na Reichstein wakapewa Tuzo ya Nobel.

Lakini nyongo ya ng'ombe haikutosha dunia nzima. Watafiti wakageukia mimea. Mwaka 1951 watafiti wa Uingereza walieleza kwamba mkonge wa Afrika Mashariki una kemikali iitwayo hekojenini, inayoweza kugeuzwa kuwa kotisoni. Ilipatikana kwenye takataka zinazobaki baada ya nyuzi kukwanguliwa, zile tulizokuwa tukizimwaga. Kampuni ya Glaxo ya Uingereza iliitumia kutengeneza dawa. Kwa hiyo ukipita kando ya shamba la mkonge, kumbuka kwamba mmea huo ulitoa kamba na magunia, na ulichangia pia kuokoa wagonjwa.

Watoto nao walifaidika. Kuna watoto wanaozaliwa na adrenali zisizoweza kutengeneza kotisoli vizuri. Mtoto kama huyo anaweza kutapika sana katika majuma ya kwanza, kukauka maji na kukosa kuongeza uzito. Wengine huzaliwa sehemu zao za siri zikiwa hazieleweki kama ni za msichana au mvulana. Mwaka 1950 daktari Lawson Wilkins wa Baltimore, Marekani, alionyesha kwamba kotisoni huwasaidia. Ukimwona mtoto wa namna hii, si laana wala aibu ya ukoo. Usimfiche. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Je, mtu mwenye ugonjwa huu anaweza kuishi na kufanya kazi? Mtazame John F. Kennedy. Ugonjwa wa Addison ulitambuliwa mwilini mwake mwaka 1947 akiwa London. Mwaka 1960 wakfu wa familia yake ulitoa dola 100,000 kusaidia safari za ndege za wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda kusoma Marekani; wazee wetu wanalikumbuka jambo hilo. Mwaka 1961 akawa rais wa Marekani. Watu wake waliuficha ugonjwa huo mbele ya wapigaji kura. Lakini yeye hakuwaficha madaktari wake, na dawa alikunywa.

Dawa ikizidi

Furaha ya mwaka 1948 haikukaa sana. Wagonjwa waliotumia kotisoni nyingi kwa muda mrefu walianza kuviringika uso, kuvimba, kupanda shinikizo la damu na kudhoofika mifupa, sawasawa na wagonjwa wa Cushing. Likajulikana pia jambo la hatari zaidi. Mwili ukipewa kotisoni nyingi kutoka nje, chifu huacha kutuma agizo na naibu hulala. Ukiiacha dawa ghafla, mwili unabaki bila chochote, na mtu anaweza kuzimia na kufa.

Hapa ndipo tunapojiumiza wenyewe. Wako wanaonunua vidonge vya predinisoloni au deksamethasoni dukani ili wanenepe. Wako wanaojipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi kali, ambazo ni ndugu wa kotisoni, na kuwapaka hata watoto wenye upele. Dawa hizi ni nzuri mikononi mwa daktari. Zimeokoa wenye pumu na wenye magonjwa ya viungo. Lakini usijianzishie mwenyewe, na ukiandikiwa na daktari, usiziache ghafla bila yeye kukuelekeza.

Leo, hapa kwetu

Leo mgonjwa aliyekosa kotisoli hupewa vidonge vya hidrokotisoni kila siku. Ikiwa chifu ndiye aliyekufa, huongezewa pia homoni nyingine anazozikosa, kama ile ya tezi ya shingoni. Hutambuliwa kwa kupimwa damu, na pengine kwa kupigwa picha ya kichwa katika hospitali kubwa. Akiugua homa au akiumia, daktari humwongezea kipimo. Akitapika na kushindwa kumeza, hapaswi kungoja asubuhi; apelekwe hospitali adungwe sindano.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya ugonjwa wa Sheehan ni kuizuia damu isimwagike. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Mama alipojifungua, iliwekwa chini yake plastiki yenye alama za kupima damu, ili mkunga asikisie kwa macho. Damu ilipofika kiasi cha hatari, alipewa matibabu yote pamoja, mara moja. Kutokwa na damu nyingi kupita kiasi, pamoja na upasuaji na vifo vitokanavyo nako, kulipungua kwa asilimia 60. Kila mama aliyeokolewa damu yake, aliokolewa na tezi yake.

Mambo ya kukumbuka

Jifungulie kituoni, mahali penye mkunga aliyefunzwa. Usikubali kukaa nyumbani damu ikikutoka.

Ukitokwa na damu nyingi, hakikisha imeandikwa kwenye kijitabu chako cha kliniki, na uikumbuke hata miaka kumi baadaye.

Maziwa yasipotoka, hedhi isiporudi na nguvu zisiporudi, waeleze wahudumu mambo yote matatu kwa pamoja.

Maliza dawa za TB.

Usitumie vidonge vya kunenepesha wala krimu za kung'arisha. Dawa za steroidi usiziache ghafla.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Nami naongeza kwa wewe mama mkwe, wewe wifi na wewe mume: kabla hujamwita mtu mvivu, muulize alijifungua vipi.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

Je, katika kijiji au mtaa wetu yuko mama ambaye hakurudia nguvu zake tangu alipojifungua? Nani atakayemsindikiza hospitali?

Ni nani kati yetu yuko tayari kutoa damu, mama akiihitaji usiku?